Je, Manyunyu Nayo ni Mvua?

Haya, sogeeni. Mwenye usingizi na alale sasa hivi, maana mwishoni nitauliza swali, na sitaki mtu aniambie alikuwa amesinzia pale palipokuwa na jibu. Hadithi hii haina zimwi wala mfalme. Ina mwanamume mmoja mpweke, mwanamke mmoja aliyeulizwa jambo akajibu, na watu watatu waliojua kusikiliza, kila mmoja kwa namna yake.

Huko milimani Usambara palikuwa na mji mdogo ambao ukungu ulikuwa ukiingia mitaani mwake kama mwenyeji, bila kubisha hodi. Watatu hao waliishi hapo.

Wa kwanza aliitwa Sufiani, muadhini wa msikiti wa sokoni. Kipaji chake kilikuwa sikio. Ukimwamkia tu, alijua kama umegombana na mkeo, au kama una habari njema unayoificha. Maneno yenyewe hakuyajali sana. Alisikiliza yanavyopanda na yanavyoshuka.

Wa pili aliitwa Elinami, mpiga picha za vitambulisho. Kipaji chake kilikuwa jicho. Alisema kila mtu ana nyuso mbili: ule anaouvaa akiambiwa "tayari", na ule unaopita kufumba na kufumbua kabla hajajitengeneza. Huo wa pili ndio aliokuwa akiuwinda maisha yake yote.

Wa tatu aliitwa Mashavu, mwuza chai kando ya stendi. Kipaji chake kilikuwa kunyamaza. Mji mzima ulipita kwenye benchi lake, ukanywa, ukasengenya, ukalia, na hakuna neno lililowahi kutoka pale likafika mahali pengine. Kwa kuwa alinyamaza sana, alikujua kunyamaza kwa aina zote: kwa mwenye hasira, kwa mwenye aibu, na kwa mtu anayesubiri.

Na Hoza je? Hoza hakuwa na kipaji cha namna hiyo hata chembe. Alikuwa na mashine ya kusaga. Kutwa nzima iliunguruma mbele yake, na watu wakampigia kelele: "Dona!" "Sembe!" "Usichanganye na ya yule!" Kila mtu wa mji alizungumza na Hoza, lakini hakuna aliyezungumza naye kwa sauti ya kawaida. Masikio yake yakazoea kelele. Sauti ndogo zikawa zinampita.

Mama yake alikuwa amefariki mwaka juzi. Tangu hapo nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba Hoza alisikia sufuria ikipoa. Mara nyingine alisonga ugali wa watu wawili, kwa mazoea tu ya mkono, kisha akaketi akiutazama. Na mara nyingine, mteja wa mwisho akishaondoka, aliiacha mashine izunguke bure kidogo, bila mahindi, kwa sababu hakuwa tayari kwenda nyumbani.

Sasa, kila wiki alikuja mwanamke mmoja aitwaye Tunu na ndoo ndogo ya mahindi. Tunu alifuma masweta ya shule kwenye kibaraza mkabala na studio ya Elinami. Alikuwa ameachika huko Korogwe, akapanda mlimani na mashine yake ya kufumia, akapanga chumba. Ndoo yake ilikuwa ndogo kuliko ndoo zote za foleni, na Hoza alijua maana yake. Ulikuwa unga wa mtu mmoja.

Siku moja, zamu ya Tunu ilipofika, Hoza akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaizima mashine. Foleni nzima ikageuka. Kimya kikawa kikubwa mno, naye Hoza, nyusi nyeupe kwa unga, akajikuta hana pa kujificha.

"Dada Tunu," akasema, "Jumapili kama huna kazi, twende mpaka ukingoni mwa mlima, tukaitazame nyika. Pale juu wanauza chai."

Tunu akaangalia ndoo yake. "Tutaona, kaka Hoza," akasema. "Mvua isiponyesha."

Akachukua unga wake, akaenda.

Tutaona! Ninyi mnaijua "tutaona". Kuna tutaona ya kumfukuza mtu bila kumpiga. Kuna tutaona ya mtu ambaye roho yake imeshatangulia. Hoza alirudi nyumbani na neno lile, akaliweka mezani pamoja na ugali, akalitazama pande zote. Na mvua! Nani anategemea mvua isinyeshe milimani? Kadiri alivyowaza ndivyo alivyoona kwamba amekataliwa kwa adabu. Kesho yake akaanza kutafuta mtu wa kumshikia mashine siku ambayo Tunu huja kusaga, ili wasionane tena.

Hapo ndipo Sufiani alipomwita. Alikuwa kwenye foleni siku ile, na pishi yake ya mtama.

"Nasikia unatafuta mtu wa kukushikia mashine. Unamkimbia nani, mwanangu?"

"Amekataa, maalim. Ulikuwepo, ulisikia."

"Nilisikia kuliko wewe. Hebu niambie, 'tutaona' yake ilikatika au ilivutwa?"

"Mimi nilisikia neno tu, maalim."

"Ilivutwa," akasema Sufiani. "Anayekataa hulikata neno kama uzi, apate kuondoka. Huyu aliliburuta. Tena akaongeza habari ya mvua, na anayekataa haongezi kitu. Hiyo ni sauti ya mtu aliyebanwa na ndiyo, hajui pa kuiweka. Jumapili nenda ukasimame pale njia panda. Asipokuja, nilaumu mimi."

Basi Hoza akaenda. Alikuwa amenawa nyusi mpaka zikawa nyeusi, akavaa shati la Idi. Na hali ya hewa, jamani, ikamfanyia mzaha. Haikunyesha, wala haikuwa kavu. Yalikuwa manyunyu, yale yasiyosikika juu ya bati lakini yanakulowesha bila wewe kujua yameanza saa ngapi. Hoza akasimama njia panda. Watu wakatoka kanisani, wakampita, wakamsalimu. Wakapita wenye mbuzi, wakapita wenye matenga ya pea. Akasimama hadi shati la Idi likamganda mgongoni. Tunu hakuja.

Njiani kurudi, alipita kwenye benchi la Mashavu. Mashavu akamtazama, akammiminia chai, hakuuliza kitu.

Usiombe kuuona moyo wa mtu mpole ukichacha. Hoza alipofungua mashine Jumatatu alikuwa amekwisha pangilia maneno. Angemwuliza Tunu mbele ya foleni nzima: je, mimi ni mtu wa kusimamishwa barabarani kama kibao? Na angemwambia mahindi yake akayasage kwingine.

Hapo ndipo Elinami alipoingia. Hakuwa na mahindi. Alikuwa amekimbia, kamera bado ikining'inia shingoni.

"Bwana Hoza, kabla hujasema lolote, nisikilize. Jana nilikuwa mlangoni kwangu. Tunu alitoka amevaa vizuri, ana mwavuli. Akanyoosha mkono nje ya kibaraza, akautazama ulivyolowa. Akarudi ndani. Akatoka tena bila mwavuli. Akafika barabarani, akasimama, akarudi."

"Basi alibadili nia."

"Hapana. Mimi uso nauona. Mwenye dharau uso wake hutulia, kwa kuwa hana cha kupoteza. Ule ulikuwa uso wa mtu anayegombana na miguu yake mwenyewe. Ni woga, Hoza, dharau haimo. Ukimfokea leo, utamthibitishia kile anachokiogopa, hata kama hatukijui."

Hoza akayameza maneno yake, ingawa yalikuwa makubwa. Tunu alipokuja na ndoo yake, macho chini, akamsagia taratibu, unga laini kama alivyoupenda, kisha akaizima mashine.

"Jana kulikuwa na manyunyu," akasema.

Tunu akainua macho. "Manyunyu nayo ni mvua?"

"Sijui. Sisi watu wa hapa hatujawahi kukubaliana."

Tunu akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, ambacho siku zote mashine ingekimeza. Hoza akapata ujasiri. "Basi, Jumapili hii?"

Kicheko kikaisha. Tunu akakiweka sawa kifuniko cha ndoo. "Wewe ni mtu mwema sana, kaka Hoza," akasema. Akaenda.

Mtu mwema sana! Hilo nalo ni jibu la nini? Hoza akalipeleka kwa Sufiani, aliyekuwa amelisikia kwenye foleni, naye akasema sauti ilitetemeka kwa upendo. Akalipeleka kwa Elinami, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, naye akasema uso wa namna hiyo ni wa mtu anayeaga. Wawili hao wakabishana mbele yake hata wakamsahau. Mwishowe Hoza akaona dawa ni moja, kumwuliza tena, na tena, mpaka lipatikane jibu lisilo na pembe. Angempelekea unga nyumbani kwake. Angepita kibarazani kila jioni. Mtu akiulizwa kila siku, si lazima siku moja aseme?

Akaenda kunywa chai akiwa na mpango huo, akautoa wote mbele ya Mashavu, kama watu wote walivyotoa yao. Hakutegemea jibu. Mashavu hakuwa mtu wa kujibu.

Mashavu akaweka birika chini. "Usimwulize tena," akasema.

Hoza akashtuka.

"Amekujibu mara mbili, na mara zote mbili hakusema ndiyo. Unaweza kumkamua mtu hadi akupe neno, Hoza, lakini litakuwa neno la kujiokoa. Mwambie mara moja tu kwamba mlango uko wazi. Kisha nyamaza. Lakini unyamaze kweli. Usinune, usimwangalie kama anadaiwa. Aweze kuja kusaga mahindi yake bila kuogopa."

"Na asiposema kitu kabisa?"

Mashavu akaitazama chai ya Hoza, siyo Hoza. "Basi utakuwa umejibiwa, na yeye hatakuwa ameumia."

Wiki iliyofuata Tunu alipokuja, Hoza akazima mashine kwa mara ya tatu. Safari hii wenye foleni walikuwa wameshazoea, wakanyamaza wenyewe.

"Dada Tunu, sitakuuliza tena. Sijakasirika. Ukitaka siku yoyote kwenda ukingoni, iwe mvua iwe jua, niambie. Usipotaka, mahindi yako nitayasaga vilevile."

Tunu akainua ndoo yake. "Haya," akasema.

Hoza hakwenda kumwuliza mtu maana ya "haya". Akaibeba peke yake.

Masika yakaingia. Mvua za kweli sasa, zisizo na mjadala. Tunu alikuja kila wiki, wakasalimiana, akasagiwa, akaenda. Hoza alikuwa akidhani anaujua upweke. Kumbe ule wa kwanza ulikuwa wa mtu asiyemngoja yeyote, nao una nafuu yake; unalala nao, unaamka nao. Huu mpya ulikaa wima usiku na mchana kama mgeni asiyevua viatu. Kila mtu aliyeinama kupita chini ya bati la mashine alikuwa Tunu mpaka alipoinuka. Alasiri alikwenda kwenye benchi la Mashavu, akapewa pale karibu na moto, na wawili hao wakanywa chai bila maneno, mvua ikipiga turubai.

Kisha Tunu akaacha kuja. Wiki ikapita, na nyingine. Hoza akapita kibarazani kwake, safari moja tu, akaona mashine ya kufumia imefunikwa kanga na kufungwa kamba. Jirani akasema ameteremka Korogwe, shangazi yake mgonjwa, hakusema atarudi lini, wala kama atarudi. Hoza akasimama akiitazama ile kamba. Ilikuwa na fundo kubwa, fundo la mtu anayekwenda mbali. Au la mtu anayeogopa wezi. Akajikuta anataka kumwita Elinami aje alitazame fundo, akajionea huruma, akaondoka.

Alikata tamaa polepole, jinsi nguo inavyopauka. Akaacha kunawa nyusi.

Mchana mmoja, mvua ikinyesha, foleni ilikuwa ndefu. Akina mama wakaanza kunong'ona. Hoza akasikia mmoja akisema, "Dada, mahindi yako yako wapi?" Akainua macho. Tunu alikuwa amesimama kwenye zamu yake kama wengine, amelowa, mikono mitupu.

Hoza akazima mashine.

"Sina cha kusaga," akasema Tunu. "Nimekuja kuuliza. Ule ukingo bado upo?"

"Upo."

"Basi twende."

"Mvua inanyesha, dada Tunu."

"Naiona."

Wakaenda. Foleni wakajisagia wenyewe. Hadi leo wengine wanalalamika kwamba unga wao ulichanganyika. Huko juu ukingoni hawakuona kitu. Nyika yote ilikuwa imezibwa na ukungu, ungesema dunia inaishia kwenye vidole vya miguu. Wakaketi kibandani kwa mwuza chai, na Tunu akazungumza kwa sauti ya kawaida, na Hoza akagundua kwamba anamsikia.

"Niliwahi kuulizwa na mwanamume nikasema ndiyo palepale," akasema. "Alipenda majibu ya haraka. Nilivyokuja kuishi naye, kila kitu kilitakiwa haraka, na nikichelewa napigwa. Uliponiuliza wewe, ndiyo ilikuja mdomoni, nikaiogopa. Nikaisingizia mvua."

Hoza akamsogezea kikombe chake cha chai.

"Ile Jumapili nilipofika barabarani nilikuona kwa mbali njia panda. Unalowa. Nilirudi ndani nikalia, lakini nilikuwa nimekuona. Usingekuja kusimama, ningesema ni maneno ya wanaume tu, ningekusahau. Jumatatu yake nilikuja nikijua utanifokea. Ungenifokea, nisingerudi kwenye mashine yako maisha. Na ile siku ya tatu, ungeniuliza tena, ningesema hapana. Nilikuwa nimeiandaa. Mimi hapana yangu nikishaisema siirudii, hata ikiniua. Lakini hukuuliza. Nikakaa kule Korogwe namwuguza shangazi, nikawa nasikia namna ulivyokuwa huniulizi."

Hivyo ndivyo Tunu alivyosema mwenyewe.

Sasa ngoja, msipige makofi, bado. Wawili hao walipokubaliana kuoana, baba mdogo wa Tunu, aliyekuwa akisimama mahali pa baba yake, alileta neno kutoka Korogwe. Mara hii, akasema, haozeshi ovyo. "Nileteeni mshenga mmoja. Awe mwanamume, awe mwanamke, awe wa dini yoyote, mimi sijali. Lakini awe mmoja. Huyo ndiye atakayekaa kulia kwangu siku ya ndoa, ndiye atakayempa jina mtoto wa kwanza, na siku nyumba ikitikisika, nimjue wa kumwita. Ijumaa nataka jina lake."

Msione ni jambo dogo. Mshenga wa namna hiyo anakuwa mtu wa nyumba ile hadi kufa. Ana kwake pa kula sikukuu.

Sufiani akaja kwa Hoza. Wanawe walikuwa wametawanyika Arusha na Mombasa, na simu zao zilikuwa fupi. "Mwanangu," akasema, "ulikuwa unatafuta mtu wa kukushikia mashine. Nani alikusimamisha njia panda?"

Elinami akaja. Alikuwa amepiga picha za familia zote za mji ule, na ukutani kwake hapakuwa na hata moja yake. "Bwana Hoza," akasema, "yale maneno ya Jumatatu nani aliyarudisha tumboni?"

Mashavu hakuja. Hoza ikabidi aende mwenyewe, akamkuta anafuta benchi. Akampa habari yote, ya Tunu, ya Korogwe, ya mshenga.

"Nimefurahi," akasema Mashavu, akaendelea kufuta palepale ambapo palikuwa pameshatakata. "Mimi sidai. Wape wao."

Hoza akasimama. Aliyesema hivyo alikuwa mwanamke wa rika lake, mjane, aliyekuwa amempa nafasi ya karibu na moto masika yote. Kwa mara ya kwanza akajiuliza alichokuwa anakinyamazia Mashavu alipomwambia anyamaze. Alikuwa akimchungia Tunu njia? Au alikuwa na tumaini dogo la pembeni kwamba Tunu hatakuja, na Hoza ataendelea kuja pale kila alasiri? Na kama tumaini hilo lilikuwepo, linaupunguza ushauri wake, au linauongezea uzito, kwa kuwa aliutoa wa kweli hata hivyo?

"Mashavu," akasema, "unasema sidai kwa kuwa hutaki, au—"

"Chai yako inapoa, Hoza."

Na hapakuwa na sikio la Sufiani pale, wala jicho la Elinami. Hoza alikuwa peke yake na jibu lile, kama alivyokuwa peke yake na yale mengine. Akanywa chai, akashukuru, akaenda nyumbani kuwaza. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa.

Basi mimi nimefika mwisho wangu. Sikio lilimfikisha njia panda; bila hilo hakuna aliyeonekana akilowa. Jicho lilizuia hasira. Bila hilo hakuna aliyerudi na ndoo. Kunyamaza kulifungua nafasi. Bila huko hakuna aliyekuja mikono mitupu. Kiti ni kimoja, na waliobaki wawili watarudi kwenye vyumba vyao.

Nawauliza ninyi mlio macho: ungekuwa Hoza, Ijumaa ungelitaja jina la nani? Na kwa wale wawili ambao hukuwataja, ungewaambia neno gani ambalo lisingehitaji mtu wa kuwafasiria?